Kamera ya Mdomo Mrefu na Picha ya Mama Apio

Nakumbuka asubuhi moja kijijini Nabuyoga, ng'ambo Uganda, ambayo ningefurahi kuisahau, mwanangu, ila swali lako la jana limenirudisha kulekule. Ulisimama hapa studio mbele ya kabati la vioo, ukaniuliza kati ya kamera hizi mbili za zamani ipi ni bora, hii kubwa ya mdomo mrefu au hii ndogo ya mfukoni, kwa kuwa unataka kuanza kazi ya picha na simu yako haikutoshi. Nikakwambia urudi leo. Sikuwa na wateja, wewe mwenyewe uliona. Nilikuwa sijapata moyo wa kukujibu, basi.

Vuta kiti. Chai imo kwenye chupa, sukari utaweka mwenyewe, maana mkono wangu ni mzito kwa sukari.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu na watoto wawili, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto. Katika kazi ya picha ndiko nilikokuwa mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani hapahapa Busia, upande huu wa Kenya, nikachoka kuinamia nguo za watu. Mzee Okecho, mpiga picha wa Tororo, mji wa ng'ambo, akakubali kunifundisha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyeharakishwa na yeyote, na kamera yake haikuzidi kipande cha sabuni. Aliifunga kwenye kitambaa cha bluu na kuitia mfuko wa koti. Kamera ile ilikuwa haivuti cha mbali. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, ilikubidi usogee mpaka umsikie anavyopumua.

Na alikuwa na desturi zake. Akiingia boma la watu husalimia kila mmoja, hata mgonjwa aliyelala ndani. Huketi. Huuliza habari za mvua na za mihogo, hunywa anachopewa, huandika majina ya watu kwenye daftari lake, kisha humwuliza mwenye picha, "Unataka kukaa wapi?" Baada ya hayo yote hupiga picha mbili, tatu, akafunga kitambaa chake. Mimi nilimwona anapoteza siku nzima kwa kazi ya dakika tano. Sikumwambia, lakini nadhani uso wangu ulimwambia.

Nikapata kamera yangu kwa kubadilishana na cherehani, na yule aliyenipa alikuwa mchuuzi wa vitu vya umeme vilivyotumika, pale karibu na mpaka. Ndiyo hii kubwa unayoitamani. Shika uone uzito wake. Inavuta mara thelathini. Siku ya kwanza nilisimama kwenye kona ya soko nikasoma namba za malori yaliyopanga foleni ng'ambo, mpaka askari mmoja akaniambia niishushe kama sipendi kulala ndani. Nikiwa mjini Tororo niliwapiga watu waliopanda juu ya ule mwamba mkubwa wa mji, na ungeweza kuona nani kavaa kofia. Wateja waliiona kamera kabla ya kuniona mimi, na nilipenda hivyo. Nilivimba kichwa, mwanangu, sitakuficha.

Mzee Okecho aliipokea, akaigeuzageuza, akanirudishia. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yao ya Kidhopadhola.

"Nyara, hii kamera yako iko mzuri kwa kupiga ndege," alisema. "Ndege hapana taka salamu. Mutu nataka salamu."

Nilicheka. Nilidhani ni wivu wa mzee.

Haukupita mwezi, akaja dada mmoja kutoka Nabuyoga, jina lake Apio, kumwita Mzee Okecho nyumbani kwao. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miezi mingi, na hospitali walikuwa wamewaambia wamrudishe tu nyumbani. Mama Apio hakuwa na picha hata moja. Ile ya kitambulisho iliharibika paa lilipovuja. Alitaka moja tu: amevaa gomesi yake ya kijani, lile vazi refu la heshima la akina mama wa Uganda, amekaa wima, anatazama mbele. Unajua tunavyozika huku kwetu siku hizi. Picha kubwa ya fremu hutangulia jeneza, mjukuu kaibeba kifuani. Asiye na picha hutanguliwa na mikono mitupu, na mama huyo alikuwa ameshaona mazishi ya namna hiyo, akasema yake yasiwe vile.

Mzee Okecho mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kupanda bodaboda. Akanituma mimi. Akanipa kile kitambaa cha bluu.

"Chukua hii kidogo. Nyumba iko na giza, mama ni mugonjwa. Hiyo yako itasumbua wewe."

Nilikiacha kitambaa mezani mbele ya macho yake, nikaning'iniza ile kubwa shingoni, nikaondoka.

Njiani mwenye bodaboda aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomwambia, akapunguza mwendo. "Mama huyo nakohoa damu," akasema. "Usiingia ndani kule. Wewe iko na watoto." Kweli nilikuwa nao, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Nikaogopa. Sioni aibu kwa kuogopa. Ninaona aibu kwa sababu sikumwuliza mtu mwingine yeyote, na kwa sababu papo hapo nilikumbuka nimebeba kitu kinachoniwezesha kutokaribia.

Nilipofika walikuwa wamemtoa Mama Apio na kumkalisha kwenye kiti mlangoni, amejifunga shuka kuukuu, kichwa wazi. Ndani nilisikia wanawake wakizungumza, na moshi wa pasi ya makaa ulikuwa unatokea dirishani. Walikuwa wanamnyooshea ile gomesi. Mimi nilisimama penye mihogo, pembeni mwa uwanja, kama hatua arobaini kutoka alipokaa. Nikainua kamera. Mdomo ukatoka wote, na uso wa Mama Apio ukaja mpaka mbele yangu. Niliona kovu dogo juu ya nyusi. Niliona jasho kwenye mdomo wa juu. Nilimwona kuliko walivyomwona waliokuwa naye, na hakuna mtu aliyejua kama nimefika.

Nikabonyeza. Akageukia ndani akasema kitu, nikabonyeza. Akatazama njia ya kuingilia bomani, midomo ikicheza, nikabonyeza tena. Nilipiga picha kumi na moja.

Apio akatoka na gomesi mikononi, bado ina joto la pasi, akaniona nikiwa katikati ya mihogo.

"Wewe ndio mpiga picha?"

"Ndiyo, dada. Nimeshamaliza."

"Umemaliza nini? Mama hajavaa."

Nilimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Jua lilikuwa kali, hakuona vizuri, na kwenye kioo kile kila picha huonekana safi. Nikamwambia zimetoka nzuri, na mama akipata nguvu nitarudi nimpige na gomesi. Apio alinishika mkono.

"Mama naita wewe tangu asubuhi. Kila saa nauliza, mpiga picha amefika? Kuja tu umusalimie."

Nikamwambia kuna watu wananingoja Kiyeyi. Hakukuwa na mtu aliyeningoja Kiyeyi.

Mchana huohuo nilizifungua kwenye kompyuta. Mdomo mrefu ukiunyoosha wote hupokea mwanga kidogo sana, na mlango ule ulikuwa kivulini. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha nzima hutikisika. Kumi zilikuwa ukungu mtupu, uso umefutika. Moja ndiyo iliyokuwa safi, na katika hiyo Mama Apio ana kichwa wazi na shuka mabegani, macho ameyapeleka pembeni, kuelekea njiani, na midomo iko nusu wazi. Nilijua alichokuwa anasema wakati ule. Alikuwa anauliza kama nimefika.

Nikampelekea Mzee Okecho. Aliitazama muda mrefu.

"Ulimusalimia?"

"Hapana, Mzee."

"Yeye aliona wewe?"

"Hapana."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho unarudi," akageuza uso ukutani, na nikatamani angenitukana.

Kesho yake nilikuwa nimeahidi harusi huko Sikuda, na harusi hiyo ilikuwa ya kweli. Keshokutwa mtoto alishikwa na homa. Siku ya tatu nilikuwa nimeshatia mfukoni ile kamera ndogo katika kitambaa chake cha bluu, nasubiri bodaboda, ndipo Apio akapiga simu kusema mama amelala moja kwa moja.

Picha ile ikatiwa fremu, maana hapakuwa na nyingine. Mjukuu akaibeba kifuani mbele ya jeneza. Mama Apio alizikwa amevaa gomesi ya kijani, na mbele yake akatanguliwa na uso wake mwenyewe wenye shuka, unaotazama pembeni. Watu walipita mmoja mmoja kuitazama. Mzee mmoja wa ukoo, mwenye masikio mazito na sauti kubwa, akauliza ili wote wasikie:

"Huyu mama natafuta nani?"

Apio alikuwa amesimama karibu nami. Akamjibu, "Natafuta mpiga picha."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeiweza. Alimjibu mzee wake alichouliza, basi, na mimi nilikuwa pale, mikono mitupu, kamera yangu nimeiacha nyumbani. Mzee Okecho alikuja na mguu wake na fimbo, akawasalimia wafiwa wote, akawapanga kando ya jeneza, akasimama hatua mbili mbele yao na kakamera kake. Picha hizo ziko ukutani kwao hadi leo.

Mwaka ule Apio alikuja hapa mara tatu kuniomba nitazame tena kwenye kadi, huenda kuna nyingine iliyojificha. Mara zote tatu niliiweka kadi kwenye kompyuta, nikamwonyesha zilezile kumi na moja. Mara ya mwisho nikajikaza, nikamwuliza mama alikuwa anaumwa nini. Akaniambia ni moyo, na kwamba hajawahi kukohoa damu. Hakuniuliza kwa nini nimeuliza. Siku hizi anauza maharage sokoni, na tukikutana huniuliza habari za watoto wangu. Nimemwomba msamaha, akasema yameisha. Hayajaisha, yeye anajua na mimi najua.

Sasa nikujibu, maana hukuja kusikia mama mzee akilia. Fundi mmoja alinifungulia kamera zote mbili. Kile kipande cha ndani kinachopokea picha ni saizi ileile, kadiri ya ukucha wa kidole kidogo. Ukubwa wote huu ni mdomo na mshikio. Ukienda kupiga mpira uwanjani, ndege kwenye mpunga, au mtu aliye jukwaani mbali, chukua hii kubwa, na uiegemeze mahali isitikisike. Ile ndogo hapo haifai kitu. Lakini chumbani kwa mgonjwa, kivulini, mlangoni, ndogo inapokea mwanga vizuri zaidi ukiwa karibu, na flashi yake haifiki mbali, kwa hiyo itakulazimisha usogee. Zamani niliuita huo upungufu wake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipata chombo cha kukuonyesha watu kutoka mbali, kisikupe ruhusa ya kukaa mbali nao. Usimpige mtu ambaye hujamsalimia. Mwache avae anachotaka kuvaa, umwulize anataka kukaa wapi, na ukiogopa, sema unaogopa, watakuelewa. Na mtu akikwambia mama anakuita, nenda. Hata kama picha umeshaipata, nenda.

Kubwa hii ibaki kabatini, uje kuiazima ukiwa na mechi. Ndogo chukua leo, pamoja na kitambaa chake. Mzee Okecho aliniachia alipokuwa anaondoka duniani, na nilimpiga nayo picha yake ya mwisho, kitandani pake, magoti yangu yakigusa godoro.

Mungu akupe mkono uliotulia na mdomo usiokosa salamu. Na akujalie kila uso utakaoupiga ukuone kwanza kwamba umefika.