Mswada Mmoja Kutoka Kakamega

Leo nimejua kwa nini mwenyekiti wa kikundi chetu cha waandishi alikuwa ananiambia, "Dada, hadithi yako ya mafahali wa Shinyalu bado haijaiva. Ngoja kidogo."

Mhariri alikuja mjini kutushauri jinsi ya kuchapishwa. Akauliza, kwa upole tu, "Nilimpa mwenyekiti tangazo la kuomba hadithi, awape wote. Mbona kutoka Kakamega nilipata mswada mmoja?"

Wa nani? Wa mwenyekiti.

Na nafasi zimeshafungwa. Hadithi yangu bado iko mkobani.

Tukamgeukia mwenyekiti. Akakohoa. "Ndugu zangu, nilitangulia kuwapimia njia."

Njia yenyewe upana wake ni mtu mmoja.

Kisha akatuomba tusimame, tufunge kwa maombi. Akamsihi Mungu atuinue sote pamoja.

Nikachungulia. Hakuna aliyefumba macho.

Wewe ungefumba?