Nilimwacha Mtoto Aniombe Msamaha

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili mtu asije akanitafutia kisingizio huko mbele, maana visingizio nimejitafutia mwenyewe vya kutosha na vyote vimenishinda.

Mimi ni Mrundi, mama wa watoto watatu, nimekulia kambini Tanzania. Sasa naishi Cheektowaga, pembeni ya Buffalo. Jina langu nisameheni, sitalitaja. Mtoto ninayemzungumzia hapa nitamwita Noa, ingawa si jina lake. Na mwalimu wake nitamwita Mwalimu Dina.

Nilipofika Marekani nilipanga maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Ndipo jirani akaniambia kuna shule ndogo ya Wayahudi inatafuta msaidizi wa darasa. Nikacheka! Mimi, mwimbaji wa kwaya, niende kwa Wayahudi? Lakini shule ile ilikuwa na shida kubwa ya watu. Shule za serikali zinalipa vizuri zaidi, walimu wanakimbilia huko, na mwalimu wa Kiebrania si mtu wa kumwokota njiani. Wakanichukua.

Wakaniweka darasani kwa Mwalimu Dina. Jamani, yule mama! Mwembamba, umri umepita hamsini, sauti kama ya mchunga ng'ombe. Asubuhi anafundisha Kiebrania na Torati, mchana anafundisha hesabu na Kiingereza, kwa sababu mwalimu wa mchana aliondoka na hakuna aliyekuja kuziba pengo. Chakula alikuwa anakula amesimama, huku anasahihisha madaftari.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha chini akaniambia, "Una imani yako na tunaiheshimu. Omba moyoni mwako unavyotaka. Lakini watoto hawa usiwafundishe kuomba. Hilo tuachie sisi. Wazazi wao wanajinyima mengi ili wayapate hayo hapa."

Nikasema ndiyo. Nilielewa vizuri sana. Msije mkasema Kiingereza kilinipiga chenga.

Shule ile ina mlinzi mwenye bunduki mlangoni. Watoto wa miaka sita wanafundishwa namna ya kujificha kimya, kama sisi wengine tulivyofundishwa na mama zetu porini. Mara ya kwanza kuona zoezi lile nilikwenda chooni nikalia. Nilidhani mambo hayo niliyaacha upande ule wa bahari.

Sasa, siku moja ya baridi kali, mtu alipiga simu akaitishia shule. Safari hii haikuwa zoezi. Mwalimu Dina akaingia na watoto wengi kwenye chumba cha vitabu, mimi nikabaki na wanne kwenye chumba cha makoti. Tukazima taa.

Noa alikuwa na miaka saba. Mtoto msemaji, mdomo haufungi kuanzia asubuhi: paka wao kafanya nini, baba kaunguza nini jikoni, yote utaambiwa. Siku ile hakusema neno. Alitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Akajikojolea. Nikampakata hivyo hivyo, na sketi yangu ikalowa.

Nikamnong'oneza sikioni maneno ambayo mama yangu alininong'oneza tulipokuwa tunavuka mpaka. Nikayatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: Yesu, tufunike, kwa jina lako hatutaonekana. Nikamwambia arudie. Akarudia, akarudia tena. Akatulia tuli.

Polisi walikuja wakakagua, hapakuwa na kitu. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika.

Kesho yake Noa akanivuta mkono. "Yale maneno," akasema, "tuyaseme tena." Tukayasema. Tukaendelea wiki baada ya wiki, kila wakati wa kuvaa makoti. Ukweli nilifurahi! Nilijiona mtu wa maana. Na hapa ndipo nilipojua kabisa kwamba nakosea, kwa sababu nilimwambia, "Usimwambie mama, wala usimwambie mwalimu. Hii ni siri yetu."

Mtu mzima anayemwambia mtoto wa mwenzake usimwambie mama, huyo anajua anachokifanya. Mimi nilijua.

Ijumaa moja jioni, majira ya kuchipua yameshaanza, Noa yuko mezani na familia yake, mishumaa ya Sabato inawaka. Radi ikapiga. Mtoto akafumba macho, akaomba kwa jina la Yesu, mbele ya bibi yake mzaa mama.

Jumatatu mama yake alikuwa shuleni kabla ya kengele. Tukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mimi na Mwalimu Dina.

Mama yule hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema, "Bibi yangu mimi alifichwa na Wakristo akiwa mdogo, wakati wa vita ya Hitler. Walimwokoa, Mungu awabariki. Lakini walimbadilisha jina na sala, na aliporudishwa kwa ndugu zake hakujua tena kuomba pamoja nao. Ndiyo maana tunamleta Noa hapa. Naomba tu kujua nani amemfundisha."

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu Dina alishanisimamia. "Huyu mama namfahamu," akasema. "Nilimweleza tangu siku ya kwanza. Hawezi. Naweka jina langu hapo."

Wakamwita Noa. Wakamuuliza. Akaninyooshea kidole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha mahali lilipo koti lake.

Nikaiona kazi inaondoka. Nikaiona bima ya matibabu inaondoka, na mtoto wangu ana pumu. Nikasema, "Hapana. Labda amesikia kwenye televisheni."

Ndivyo nilivyosema! Maneno machache tu, wala sauti haikutetemeka.

Mwalimu Dina akapiga goti mbele ya Noa, akamshika mabega. "Noa," akasema kwa upole, "tunajua uliogopa. Lakini kumsingizia mtu ni jambo baya sana. Mwombe msamaha."

Noa akaniangalia. Alinisubiri, ndugu zangu. Aliniangalia akinisubiri niseme kitu, maana alijua kwamba ninajua. Mimi nikaangalia zulia.

"Samahani," akasema.

Nikamjibu, "Si kitu, mpenzi." Mimi huyu! Nikampigapiga begani na kumsamehe!

Tangu siku hiyo hakunisogelea tena. Koti alivaa mwenyewe, zipu imekwenda upande.

Mtu mwenye akili angejirudi. Mimi nilizidisha. Kule Louisville nina rafiki Mkongomani, mke wa mchungaji, ambaye nilikuwa nimeshamsimulia kwa simu habari za maombi yetu ya chumba cha makoti. Ule uongo wa ofisini sikumsimulia. Kwetu sisi walokole, Israeli ni taifa teule, mnafahamu. Mama Mchungaji akawaka kwa furaha.

"Donc, dada yangu, Mungu alikutumikisha kabisa!" akasema. "Mutoto wa Israeli mwenyewe! Bon, tuko na mukutano mukubwa hapa kwetu. Unapashwa kuya kutoa ushuhuda. Usifiche kazi ya Mungu!"

Ningekataa. Ningemwambia, mama, hiyo kazi ya Mungu nimeshaikana mbele ya watu. Badala yake nikapanda basi.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wageni Wamarekani, kwa hiyo mkalimani alisimama kando yangu akitafsiri kila sentensi. Nikapewa kipaza sauti. Nikataja mji, nikataja darasa. Watu walivyopiga vigelegele nikapandisha: nikasema mtoto yule amempokea Bwana. Hata hilo halikuwa kweli! Noa hakumpokea mtu yeyote, Noa alikuwa anaogopa tu. Lakini makofi yana utamu wake, nami nikayala yote.

Vijana wa kanisa walirekodi, wakarusha mtandaoni. Sikulifikiria hilo hata kidogo.

Kati ya siku ya ofisini na siku niliyoitwa tena zilipita wiki sita. Safari hii simu ya mwalimu mkuu ilikuwa imesimamishwa juu ya meza, na mle ndani niko mimi na gauni langu la kitenge, na sauti ya mkalimani ikisema kila kitu kwa Kiingereza safi. Mzazi mmoja alikuwa ametumiwa video hiyo na mfanyakazi mwenzake.

Mwalimu Dina alisikiliza mpaka mwisho, mpaka vigelegele. Kisha akaniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo Noa alisema kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akatoka. Nilimsikia akitembea kwenye korido, akisimama, akitembea tena. Darasani hakurudi siku ile.

Mimi nilifukuzwa palepale, na nilistahili. Lakini msifikiri hiyo ndiyo hasara ninayoililia. Ghalani nimesharudi, napanga maboksi yangu.

Wazazi wa Noa walimtoa shuleni. Familia nyingine mbili zikafuata, na kwa shule ndogo namna ile, familia mbili ni pigo. Mwalimu Dina hakufukuzwa na mtu. Alimaliza mwezi akaandika barua ya kuacha kazi. Mpaka leo hajapatikana wa kukaa kwenye kiti chake. Nasikia Kiebrania watoto wanafundishwa kwenye skrini, na mtu aliye mji mwingine, na madarasa mawili yameunganishwa kuwa moja.

Nyumbani, Baba watoto alisema tu, "Umejitakia." Binti yangu mkubwa, ambaye siku hizi ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mama, ulimwacha akuombe msamaha?"



Nikasikia Mwalimu Dina amehamia Columbus kwa dada yake, karibu na chuo kikuu. Kaka yangu anaishi mji huohuo, upande wa Gahanna. Nikamwandikia mwalimu ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Akajibu neno moja: njoo. Nikapanda basi mpaka kwa kaka, naye akanipeleka na gari yake, akanisubiri nje.

Mwalimu Dina alinikaribisha barazani, akanipa chai. Amekonda zaidi. Anafanya kazi ya ofisi, majalada na simu. Nikampigia magoti, akakataa. "Inuka," akasema. "Kaa kwenye kiti tuongee kama watu."

Nikamwomba msamaha kwa kuomba na yule mtoto. Akatikisa kichwa.

"Kule gizani ulimshika mtoto aliyekuwa anaogopa kufa," akasema, "ukamwambia maneno uliyokuwa nayo. Ungekuja ukaniambia siku ileile, tungekwenda sote wawili kwa wazazi wake. Wangekasirika. Mimi ningekasirika. Ningesimama na wewe hata hivyo."

"Basi rudi ufundishe," nikamwambia. "Kosa si lako."

"Nani alimwambia aombe msamaha?" akaniuliza. "Ni mimi. Nilipiga goti nikamwambia kwa mdomo wangu. Miaka yote nawaambia watoto, semeni kweli, mwalimu wenu atawaamini. Alinijia na kweli yake. Sasa nikisimama mbele ya darasa, niwaambie nini?"

Nikaweka kikombe chini.

Nikamuuliza habari za Noa. Akasema mama yake humwandikia mara mojamoja. Wazazi walishamwomba mtoto msamaha kwa kutomwamini, na yeye mwenyewe Mwalimu Dina alimwandikia barua. Anaendelea vizuri na masomo huko shule ya serikali. Ila akiulizwa jambo lolote, hata jambo dogo, umekula nini, nani kakuchania nguo, anajibu, "Sijui."

Noa! Yule ambaye ungejua habari za paka wao kabla hujavua koti!

Nilimwomba Mwalimu Dina aniombee ruhusa ya kuonana naye, nimwambie mbele ya mama yake kwamba mwongo ni mimi. Jibu lilirudi baada ya siku chache, kwa upole, kwamba hapana, mtoto aachwe apumzike. Wana haki. Sitabisha hodi tena.

Siku ile Mwalimu Dina alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinishika mkono akasema amenisamehe, na naamini amenisamehe kweli. Nililia kutoka pale mpaka Gahanna, na kaka yangu hakuwasha hata redio.

Sasa ninyi mnaofanya kazi na watoto wa watu, na hasa sisi tuliookoka tunaopenda kushuhudia, nisikilizeni. Ukiaminiwa mtoto, umeaminiwa pamoja na imani ya nyumbani kwao. Na ukikosea, sema siku ileile, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kazi inakwenda. Kazi nyingine nimepata. Usijiambie utasema kesho. Nami nilijiambia hivyo.

Nilikuwa na wiki sita nzima. Kila asubuhi Noa alipita mlangoni ambapo mimi nilisimama kupokea watoto, begi lake mgongoni, macho chini. Ningeinama tu nimwambie, twende kwa mwalimu, nina jambo la kusema. Nilimwambia, "Habari za asubuhi," nikamshikia mlango.