Bomba la Sebuleni kwa Mzee Mwinyijuma

Mwaka 1952 Hilario ndiye aliyekuwa fundi bomba wa pekee pale Kisarawe, ukimtoa yule wa bomani aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu, njia ikiruhusu. Kwa heshima hiyo kubwa watu walimkumbuka maji yakishawafika magotini. Kazi alijifunza vitani. Alipelekwa kuchimba mitaro, akaishia kuunga mabomba ya kambi, akarudi kwao na spana mbili, tindo, na goti la kushoto lisilokunjika vizuri. Mkewe, Petronila, alilima mihogo, na mihogo ndiyo iliyowalisha wote wawili pamoja na spana.

Ndipo Mzee Mwinyijuma, mnunuzi wa korosho, alipojenga nyumba ya saruji na kutaka bomba sebuleni. Jikoni hakutaka, wala uani. Alitaka sebuleni, wageni walione. Mtaa ule haukuwa na maji ya bomba, kwa hiyo Hilario aliambiwa apandishe tangi juu ya mnara wa magogo nyuma ya nyumba. Akauliza maji yatafikaje huko juu.

"Kwani wanawake hawapo?" Mzee Mwinyijuma akamjibu.

Basi kila alfajiri mkewe, Mwanaamina, na Swaumu, mke wa mwanawe, waliteremka kisimani, wakajitwika madebe, wakapanda ngazi, wakamimina. Maji yakashuka kwa bomba hadi sebuleni, ambako mzee aliyafungulia mbele ya wageni na kuwaeleza kwamba hapa kwake shida ya kuteka maji imekwisha. Wageni walistaajabu sana. Mwanaamina, aliyekuwa akileta kahawa huku shingo inamuuma, naye alistaajabu.

Hilario aliweka koki moja ya kufungia maji, kwenye kona ya sebule pale bomba lilipoingia ukutani, akamwonyesha kila mtu wa nyumba ile. Mzee aliona koki inamharibia sebule. Fundi alipoondoka tu, akaita mwashi akaifukia kwa lipu na kupaka chokaa. Kisha akatundika picha yake mwenyewe aliyopigwa Dar es Salaam, amevaa joho la kuazima. Msumari aliupigilia kwa mkono wake. Ulipogota kwenye kitu kigumu alifurahi kuona ukuta wake ulivyo imara, akaongeza nyundo.

Msumari ulikuwa umeingia kwenye kiungo cha bomba, ukatulia humo miezi miwili. Jumapili moja mzee alikuwa akingojea wageni kutoka Mlandizi, akaona picha imekaa upande. Akaung'oa msumari ili ainyooshe.

Hilario alikuwa kanisani. Maneno, fundi cherehani jirani wa mzee, alisimama mlangoni akimpungia mkono katikati ya mahubiri mpaka padri mwenyewe akanyamaza. Njiani Maneno alimsimulia yaliyokwishafanyika. Mmoja alishauri tundu lizibwe kwa sima, likazibwa, sima ikaruka mpaka ukuta wa pili. Mwingine alishauri watu waondoe viatu. Wanaume wanane walikuwa wakitoa ushauri, na Swaumu, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa akikomba maji kwa sufuria.

Hilario aliwakuta hivyo hivyo. Maji yalikuwa yakitoka ukutani kama yana haraka ya kwenda mahali, na mikeka ilikuwa ikielea. Mzee Mwinyijuma alikuwa amesimama juu ya kiti, amekumbatia picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akaitikia taratibu, kama mtu aliyekutwa barazani anapunga upepo.

Hilario akauliza koki iko wapi. Washauri wote wanane wakamtazama mzee. Mzee akatazama dari. Mwanaamina, kanga imemganda miguuni, akanyoosha kidole kwenye kona nyeupe iliyopakwa vizuri kuliko kuta zote.

Hilario alipotoa tindo, mzee akamkataza. Ukuta haubomolewi siku ya wageni, alisema, fundi wa kweli hutafuta njia ya kistaarabu. Hilario akamweleza kwamba njia ya kistaarabu ipo, nayo ni kungoja mpaka tangi liishe. Lilikuwa na madebe kama hamsini. Mzee akaona hilo ndilo neno la busara.

"Madebe hamsini hayo tumeyapandisha mimi na Swaumu," Mwanaamina akasema. Hakupaza sauti. "Vunja, fundi."

Hilario alimtazama mzee, akamtazama mama, akavunja. Koki ilikuwa imeshikwa na saruji, ikabidi aigonge na kuisokota kwa spana zote mbili, goti lake ndani ya maji. Ilipozunguka, sebule ikawa kimya. Wageni wa Mlandizi walipofika waliketishwa uani, wakaelezwa kwa kirefu jinsi fundi mmoja alivyomharibia mzee ukuta.

Hilario alitengeneza kiungo, akaziba ukuta, akaiacha koki nje. Lakini Mwanaamina alikataa kupanda tena ngazi, na alimkataza Swaumu pia. Siku tatu bomba la sebuleni lilitoa upepo. Siku ya nne mzee alipanda mwenyewe na debe moja, mtaa mzima ukawa na sababu ya kupita pale. Nusu ya maji iliingia tangini, nusu ikaingia kwenye kanzu.

Jioni alitangaza kwamba amebuni jambo. Tangi lishushwe, likae chini ya ukingo wa paa, lijazwe na mvua, na bomba liwe uani. Hilario alimsikiliza kwa adabu zote. Bati la mfereji wa paa alikuwa ameshalikata tangu juzi, Mwanaamina alipomtuma.

Masika yaliyofuata tangi lilijaa mpaka likafurika. Swaumu alijifungua mtoto wa kike, na katika siku zake arobaini hakuna mtu wa nyumba ile aliyekwenda kisimani. Maneno ndiye aliyemletea Hilario habari hizo, huku akipima suruali ya mtu mwingine. Hilario alizipeleka nyumbani, akamsimulia Petronila, na baada ya kula akamsimulia tena.