Zabibu za Ng'ambo ya Korongo

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, wingu zito limesimama upande wa Kibaigwa, nami kijana, karani wa ushirika wa wakulima wa zabibu, nimevimba kichwa kwa sababu ya kompyuta. Kila asubuhi mfumo wetu wa taarifa za menejimenti ulinitolea ripoti: shamba lipi limevunwa, lipi limebaki, zabibu zimefikia utamu gani. Nilidhani elimu inaishia hapo.

Meneja wetu, Mama Nyemo, akaingia na tope viatuni.

"Lori ni moja, na mvua haiko mbali. Tuanze shamba gani?"

Nikamsomea ripoti, ukurasa kwa ukurasa. Alinisikiliza hadi mwisho. Uungwana huo uliniuma baadaye.

"Msomi wangu, umenieleza mbuzi walilala wapi. Mimi nauliza leo tuwapeleke malisho gani."

Wapakiaji mlangoni wakaangua kicheko. "Karani, lisomee na wingu!"

Kwa aibu nikataka kuitupa ripoti. Mama Nyemo akanishika mkono. "Usichome ghala kwa sababu chakula hakijapikwa."

Akavuta kiti. Takwimu zilezile tukazipanga kwenye jedwali la maswali, kwenye kompyuta ileile: mvua ikiwahi? Lori likikwama? Korongo la njiani likijaa? Kila tulipobadilisha jibu moja, mpangilio wa mashamba nao ulibadilika. Mimi ningeanza na zabibu tamu kuliko zote, hapa jirani. Kumbe korongo likijaa, familia za ng'ambo zingepoteza mavuno ya msimu mzima, ilhali zabibu hizi za jirani zingebebwa hata kwa mikokoteni ya punda.

"Ng'ambo kwanza," akasema Mama Nyemo. Mashine haikusema. Alisema yeye.

Kesho yake alasiri lori lilipanda ukingo na shehena ya mwisho, maji yakinguruma nyuma yake. Vigelegele vikapanda ng'ambo, nasi tukavijibu! Wapakiaji walewale wakanibeba mabegani.

Basi shika hili, mwanangu. Mfumo wa taarifa hukueleza yaliyopita na yaliyopo. Mfumo wa kusaidia maamuzi huyachukua hayohayo ukauliza: je, ikiwa? Huo wa pili bila taarifa ni jiko lisilo na unga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Itumie yote miwili, kisha uamue mwenyewe, maana lawama hazibebwi na kompyuta.

Mungu aibariki mizabibu yako, na korongo likijaa, likukute umeshavuka.