Swichi ya Kinga katika Nyumba ya Mama Kemunto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya umeme mjini Kisii sikushika waya hata mmoja. Fundi Mkuu alinipa patasi na nyundo, akanionyesha ukuta wa duka, akaniambia nichimbe mfereji wa kupitishia nyaya. Nilichimba hadi jioni. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, kwa kuwa wazazi wetu walikuwa wamefariki na wadogo zangu wanne walinitazama mimi.

Baadaye nilitumwa Keumbu kufunga mota za vinu vya mahindi, kisha Ikonge kuweka taa kwenye maduka. Fundi Mkuu alipostaafu tulipata Msimamizi, mtu mwenye ujuzi lakini mwenye haraka.

Katikati ya miaka ya sabini tulikwenda Nyansiongo, kwa mfugaji aliyeitwa Mama Kemunto. Alikuwa amenunua nyumba ya mlowezi, na alitaka ubao wa zamani wa fyuzi uondolewe, tuweke sanduku jipya la chuma. Swali lilikuwa swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja. Zilikuwapo aina mbili. Ya zamani ilifungwa kwenye waya wa ardhi, ikakata pale tu uvujaji ulipopita ndani yake kwenda kwenye fimbo iliyochomekwa udongoni. Ya pili, iliyokuwa ngeni kwetu, ilipima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kidogo njiani, ilikata.

Msimamizi alibonyeza kitufe cha majaribio cha ile ya zamani, iliyokuwa tayari kwenye ubao wa nyumba hiyo. Ikakata. Akaniagiza niihamishie kwenye sanduku jipya, nitie sahihi fomu ya kuthibitisha usalama, tuondoke.

Nilipokuwa nikifungua skrubu, Mama Kemunto alikuwa akiosha makopo ya maziwa, miguu mitupu. Alinisimulia kwamba ng'ombe wake mmoja alikataa kuingia bandani kila hita ya maji ilipowashwa. Majirani walimcheka, wakisema ng'ombe yule bado anamngoja mzungu wake.

Mimi sikucheka. Nilichukua taa ya kupimia, nikafunga waya mmoja kwenye umeme na mwingine kwenye bomba la maji la banda. Taa iliwaka vizuri, na swichi haikukata. Bomba lilikuwa limefungwa kwenye mwili wa hita na kuzikwa katika udongo wenye maji, kwa hiyo umeme uliovuja kwenye hita ulishuka ardhini kwa njia hiyo bila kupita kwenye swichi. Kitufe kilisema kweli juu ya swichi. Juu ya nyumba hakikusema lolote.

Nikamwambia Msimamizi kwamba sitatia sahihi.

"Siku hizi tunapokea amri kutoka kwa ng'ombe?" akauliza.

"Mzee, hita imewashwa. Vua viatu uingie bandani, ushike bomba. Ukitoka, nitatia sahihi."

Nilijua angeweza kunifukuza palepale. Niliwawaza wadogo zangu, lakini sikuiondoa kauli.

Alivua kiatu kimoja. Akatazama sakafu iliyolowa, akamtazama Mama Kemunto. Kisha akakivaa tena na kufunga kamba taratibu.

"Zima hita," akasema. "Nitaagiza ile nyingine Nairobi."

Ilipofika, haikukaa hata dakika moja. Kila tulipoiwasha ilijikata. Mama Kemunto alikasirika. "Baba, mmeniletea swichi au mmeniletea giza?" Siku tatu tulipima nyumba chumba kwa chumba. Tulibadilisha hita, kisha nyaya za darini ambazo mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Siku ya nne swichi ilikaa. Asubuhi iliyofuata, hita ikiwa imewashwa, yule ng'ombe aliingia bandani bila kusukumwa. Nikatia sahihi.

Msimamizi hakuwahi kulitaja jambo hilo. Lakini tangu siku hiyo, kila tulipomaliza nyumba, aliniuliza kwanza kama nimeridhika.

Sasa nimestaafu, na mafundi vijana huja kuniuliza ni swichi ipi isiyosumbua wateja kwa kujikatakata. Nawaambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani katika nyumba hiyo hutembea miguu mitupu.