Nilifuta folda moja kwenye external iliyojaa, nikaishia kutembea mpaka wa shamba Nyangoto

Habari za mida hii wakuu.

Kuna mtu humu kauliza external yake ikijaa aanze kufuta nini. Nimeshindwa kupita kimya. Hii siyo chai, yalinikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, ila mpangilio wake nimeuacha kama ulivyo, mtaona kwa nini.

Nilitoka Tunduma na begi moja na kamera ya video. Basi hadi Mbeya, jingine hadi Mwanza, miguu imevimba viatu haviingii. Mwanza nikapanda linaloenda Sirari, nikashuka Tarime, nikamalizia na Probox hadi Nyangoto. Vumbi la ile barabara lilinipa mvi kabla ya umri.

Mimi ni mtu wa kuhama. Kahama nimekaa, Mpanda nimekaa, kote napiga picha na video za sherehe. Nyangoto aliniita jamaa mwenye stationery na studio. Nitamwita Bosi.

Ofisi ilikuwa na PC moja yenye disk ndogo, printa, na external ya 1TB. Kila kazi ikiisha tunaihamishia kwenye external, tunaiita backup.

Wakuu, shikeni hapo. Tunaihamisha. Kwenye PC hakibaki kitu.

(Enzi za negative nilikuwa naziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likijaa unatafuta kopo jingine. Hakuna aliyewahi kuniambia nichome negative za watu ili nipate nafasi.)

Sasa, zaidi ya nusu ya ile external ilikuwa muvi na series za Bosi, anawawekea wateja kwenye flash na simu. Kila wiki vita ni ileile: nafasi haitoshi.

"Bosi, tununue ya pili, au tupunguze muvi."

"Muvi ndiyo zinaleta watu. Punguza hizo harusi. Wameshaoana, wanataka nini tena?"

"Na wakirudi kutaka kopi?"

"Wewe mtu wa kuja unalalamika kuliko mama mkwe wangu. Futa huko, tufanye kazi."

Hapo ndipo akaja Mzee Mwita Chacha.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Shamba lake lilipakana na la jirani, na mpaka umeanza kuleta maneno. Alitaka autembee wote, jirani akiwepo, mimi nirekodi.

Kesho yake tulitembea karibu saa nzima. Mkonge hadi mkonge, jiwe hadi jiwe, mpaka kwenye migomba chini karibu na kijito. Migomba ile ilipandwa na mama yake. Kila alama anasimama, anamuuliza jirani, jirani anaitikia ndiyo.

Nikamwambia nimwekee kwenye flash aende nayo nyumbani. Akacheka.

"Nyumbani? Vijana watafuta waweke nyimbo. Kaa nayo wewe mwenye ofisi."

Nikamjibu iko salama, mzee. Hilo neno linanikera hadi leo.

Ikapita miezi. Mjukuu wake akaoa, nikapiga video ya harusi. Kwa msiojua, huku mtoto hupewa jina la babu. Mzee ni Mwita Chacha, mwanawe ni Chacha Mwita, na mjukuu anarudi kuwa Mwita Chacha. Sisi ofisini folda tunaita jina la mteja, basi.

Naihamisha harusi, katikati umeme ukakatika. Nikaanza upya, safari hii kwenye folda mpya. Ikagoma, disk full. Bosi kakataza muvi zisiguswe. Nikaanza kupekua nikiwa na hasira, nikaona Mwita Chacha wawili, mmoja huku, mwingine kule. Nikajua hii ya zamani ni ile kopi iliyokatika na umeme. Kumbe ile iliyokatika haikuacha folda yoyote.

Sikuifungua. Shift+Delete. Harusi ikaingia, na nafasi iliyobaki Bosi akaijaza series mpya siku hiyohiyo.

Mzee akafariki. Matanga hayajapoa vizuri, jirani akapitisha plau ndani ya mpaka. Chacha Mwita, yule mwanawe, akaja ofisini.

"Kaka, naomba ile video ya mzee. Jumatano baraza la kata linakuja shambani."

Nikafungua folda. Nikaona bwana harusi anakata keki.

Nikafunga, nikafungua tena. Keki.

Nilikimbia na ile external hadi kwa fundi Tarime mjini. Cha kwanza akaniuliza: "Baada ya kufuta mliweka kitu kingine?" Nikamtajia series za Bosi. Alihangaika kutwa nzima, akarudisha dakika kumi na moja. Mzee anatoka nyumbani, anafika mkonge wa kwanza, anageuka: "Umewasha?" Halafu picha inakuwa vipande vipande.

Chacha aliangalia mara mbili. Nikasubiri ngumi.

"Wewe ndiye ulikuwa unamfuata nyuma?"

"Ndiyo."

"Basi Jumatano utatembea wewe."

Kuna mkuu atauliza kwa nini sikuweka cloud. Mkuu, video ya saa nzima, kwa bando, network ya kule? Tuendelee.

Jumatano nikatembea mbele ya baraza. Mkonge wa kwanza, sawa. Wa pili. Jiwe jeusi lililopasuka. Jirani alikuwa anakana, ila kila ninapokumbusha alichosema na aliposimama, anapunguza sauti.

Nikafika kwenye kichuguu, karibu na migomba. Nikasimama.

Mzee alipita juu ya kichuguu au chini yake? Akipita chini, migomba yote ni ya kina Chacha. Akipita juu, ni ya jirani. Na mimi siku ile macho yalikuwa kwenye kioo cha kamera, nahangaika kichwa cha mzee kisikatwe. Ardhi sikuiangalia.

Jirani akaona.

"Haya mpiga picha, endelea! Au betri imeisha?"

Watu wakacheka. Chacha hakucheka, alikuwa ananiangalia mdomo. Ningesema "chini" yangeisha.

Nikasema: "Hapa sikumbuki."

Baraza likawarudishia kina Chacha sehemu yote hadi kwenye lile jiwe jeusi. Migomba wakaigawa katikati. Chacha akageuka akaenda zake.

Narudi ofisini, Bosi ananipokea: "External imejaa tena. Futa futa huko."

Nikaenda kufunga begi.

Siku naondoka, Chacha akanikuta stendi na pikipiki yake.

"Unaenda wapi?"

"Musoma kwanza. Mbele sijui."

Akatoa simu na flash mpya. Kumbe Jumatano ile alikuwa ananirekodi natembea.

"Simu imejaa. Weka kwako, na mimi uniwekee humu, pamoja na zile dakika za mzee."

Nikafungua laptop yangu juu ya siti ya pikipiki, zile dakika nilishazikopi humo. Kopi moja kwake, moja kwenye laptop, moja kwenye flash yangu.

"Andika: Mzee Mwita Chacha, Mpaka. Na mwaka uweke. Imeingia? Fungua nione."

Tukaziangalia zote kwa kuzikimbiza hadi mwisho, hadi pale nilipokwama. Konda ananipigia kelele, gari linaunguruma, Chacha kaning'ang'ania begi hadi ya tatu imalizike. Ndipo akaliachia. Sijarudi tena Nyangoto.

Laptop ile imeshakufa. Video bado ninazo, kila ninapohamia nazihakikisha.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: kuhamisha siyo backup, kitu kiwe sehemu mbili. Ikijaa, anza kufuta muvi. Na folda ya mtu usiifute kwa kusoma jina, ifungue kwanza.

Nyie mmewahi kufuta nini? Tiririkeni. Ila kabla hujacomment, nenda kafungue ya kwako uone kama inacheza hadi mwisho.