Ngumi Moja Nakonde

Ghala la mahindi lililokuwa nyuma ya nyumba yetu Tunduma lilinukia pumba, magunia ya katani na dizeli ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka. Hata leo nikipita penye mashine ya kusaga, harufu ile hunirudisha miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na mitatu, miguu peku juu ya turubai la lori tulilolitandika kwenye maganda ya mahindi ili tukianguka tusiumie. Jua la saa kumi jioni lilipenya matundu ya bati, na vumbi la pumba likaelea katika miale ile polepole, kana kwamba halina haraka ya kutua. Tulikuwa watoto tisa, wasichana wawili tu. Kila tulipopiga ngumi hewani vumbi lilipasuka, kisha likajifunga tena. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka sasa sijui niieleze vipi. Nilihisi mwili wangu ni wangu.

Mwalimu Siwale alikuwa karani wa wakala wa forodha, mwembamba, masikio makubwa, na karate aliijua tangu alipokuwa kijana akifanya kazi Ndola. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kalamu bado mfukoni, akavua viatu na kuvipanga mlangoni kwa adabu kama anayeingia kanisani. Hakukosa siku isipokuwa Jumapili, maana Jumapili aliimba besi kwenye kwaya. Wenzangu aliwasumbukia miguu na ngumi. Mimi alinisumbukia macho. Nyumbani nilikuwa nimelelewa kama wasichana wote wa kwetu: ukikutana na aliyekuzidi umri unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, unatazama chini. Kumite, yaani kupigana wawili wawili, ilitaka kinyume chake. “Ngumi ikishafika, kazi bado,” alituambia. “Mtazame mpinzani mpaka mwamuzi anyanyue mkono. Ukigeuza macho, ngumi yako haihesabiwi.” Alinisimamisha mbele yake na kuniamuru nimtazame usoni. Nilicheka, nikatokwa na machozi, nikatazama vidole vyake vya miguu. “Mimi ni kama baba yako mdogo, nimekuruhusu,” alisema. “Nitazame, mukwai, tafadhali.” Ilinichukua msimu mzima wa baridi kuweza kumtazama mpaka ahesabu ishirini.

Baba hakuipenda karate. Alikuwa fundi tairi kando ya barabara kuu, mtu wa maneno machache, na katika hayo machache moja alilirudia mara nyingi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. “Mtoto wa kike ukimfundisha kupiga watu,” alimwambia mama, “kesho atamheshimu nani?” Tulipoalikwa kwenye mashindano upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia, alinipa ruhusa yenye kisu ndani. “Nenda. Lakini ukishindwa, mambo hayo basi. Jioni zako utamsaidia mama yako.” Wiki ile sikulala vizuri. Niliota ghala limefungwa kufuli, na mimi nachungulia kwa tundu la ufunguo.

Mcheza kwao hutunzwa, na pale Nakonde sikuwa kwetu. Ukumbi wa shule ulijaa kelele za Kibemba na Kinamwanga, baba amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Mpinzani wangu alikuwa dada mrefu wa miaka kama kumi na saba, mtu mzima machoni pangu. Tulikwenda pointi sawa kwa sawa mpaka zikabaki sekunde chache. Hapo nikaiona nafasi, nikaingia, na ngumi yangu ikafika tumboni kwake, safi, kama alivyonifundisha Mwalimu. Kisha nikaona uso wake umekunjamana kwa maumivu. Kabla akili haijasema neno, magoti yangu yalikuwa chini, nikipiga makofi, macho kwenye sakafu. “Samahani, dada. Samahani sana.”

Mkono wa mwamuzi haukunyanyuka. Ukumbi uliangua kicheko, Mwalimu akajifunika uso kwa taulo. Tuliporudishwa kwenye mistari yetu akili yangu haikuwa pale tena. Yule dada akanipata kifuani, na mechi ikaisha. Nililia bila aibu, kwa sababu nilijua nimepoteza nini.

Tulirudi kwa miguu watatu, mimi, baba na Mwalimu, tukipita katikati ya foleni ya malori. Tulipokanyaga upande wetu, baba alimgeukia Mwalimu.

“Mwalimu, Jumatatu huyu aendelee,” alisema.

“Mzee, si ameshindwa?”

“Nimeona. Nimeona pia kwamba katika kupigana kote kule hajaacha magoti yake. Basi mfundishe.”

Mwalimu alisimama. “Mzee, sitaki kukudanganya. Nikimfundisha vizuri, hayo magoti ndiyo yatakayotoka kwanza.”

Baba alicheka sana, akidhani ni utani. Nami nilicheka, kwa kuwa ghala lilikuwa bado langu.

Nilifanya mazoezi miaka sita zaidi, na sikupiga magoti ulingoni tena. Baadaye nikaacha kupiga magoti getini, kisha sebuleni, na sikumbuki siku yenyewe. Ghala lilivunjwa, pakajengwa nyumba ya wageni yenye vioo vya bluu. Leo mimi mwenyewe ni wakala wa forodha. Nabishana na madereva na maofisa wa pande zote mbili, nawatazama usoni mpaka waseme ukweli, na watoto wangu wanakula kwa macho hayo. Sijutii. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba, sasa mzee, amekaa kibarazani. Nilimsalimia nimesimama, nikampa mkono, nikamtazama. Alinitazama kidogo, kisha yeye ndiye akaangalia chini. Nilitamani kupiga magoti, kweli nilitamani, lakini nilibaki nimesimama.